Umepata kanda ya VHS yenye bendi ya roki ikipiga laivu? Usiiweke kwenye deki bado

Kosa huwa ni lilelile. Mtu anafungua sanduku la baba mdogo aliyewahi kuishi London au Muscat, anakuta kanda ya video iliyoandikwa kwa wino uliofifia "Queen, TV", na dakika kumi baadaye yuko kwa jirani mwenye deki. Deki yenyewe haijawashwa tangu enzi za kukodi sinema za Kihindi. Inaikula kanda. Au haiili, lakini mtu anairekodi skrini kwa simu, anairusha WhatsApp, na kanda inarudi juu ya kabati kuendelea kuota ukungu.

Nimeletewa kanda za namna hii mara nyingi, na karibu kila mara huletwa baada ya kosa. Nami nilianza hivyohivyo. Kanda yangu ya kwanza ya Queen ina mikunjo palepale Brian May anapoanza kupiga gitaa peke yake, na mikunjo hiyo niliitia mimi kwa papara zangu. Ndiyo maana katika mwongozo huu kanda inaingia kwenye mashine hatua ya sita.

Ichukulie kanda yako kana kwamba itakubali kuchezwa mara moja tu. Hatua zote zilizo chini ni maandalizi ya mara hiyo moja, au ni kazi ya kutunza kilichotoka.

Mwongozo huu ni wa VHS za nyumbani. Ukikuta kanda pana ya inchi mbili kwenye rili kubwa, au kaseti nene za U-matic, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 10. Hizo ni za studio na si za kujaribia nyumbani.

## Vifaa kwanza

Kusanya vyote kabla hujagusa chochote. Anayeanza na nusu ya vifaa hujikuta anabuni njia katikati ya kazi, na hapo ndipo kanda hukatika.

- Deki ya VHS iliyo hai. Iliyo bora ni ya S-VHS (JVC na Panasonic walitengeneza nzuri), kwa sababu ina tundu la S-Video linalopitisha mwanga na rangi kwa njia mbili tofauti. Deki ya kawaida nayo inafaa ikiwa nzima.
- Kanda mbili tatu zisizo na thamani, za majaribio. Harusi ya mtu mwingine si kanda isiyo na thamani.
- Kasha la VHS zima kutoka kwenye mojawapo ya kanda hizo, kwa ajili ya kuhamishia utepe likihitajika.
- Spiriti ya isopropyl ya asilimia 99, pamoja na vipande vya ngozi laini au kitambaa kisichotoa nyuzi. Spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda ina maji mengi, iache.
- Bisibisi ndogo ya nyota, glavu na barakoa.
- Waya wa S-Video na waya wa AV wa rangi tatu.
- Kifaa cha kunasia picha kinachounganisha deki na kompyuta kwa USB. Vile vya bei ya chini kabisa visivyo na jina hupoteza picha kimyakimya; nitaeleza kwa nini hilo ni balaa.
- Rekoda ya DVD ya Panasonic, DMR-ES10 au DMR-ES15, ukiipata. Hutarekodi DVD. Unapitisha picha ndani yake ili ininyooshe mistari inayoyumba kabla haijafika kwenye kompyuta.
- UPS, ile betri ya akiba ya umeme. Umeme ukikatika kanda ikiwa inacheza, utepe hubaki umezungushiwa silinda ya hedi, yaani vichwa vinavyosoma kanda.
- Diski mbili za nje. Picha ya PAL (mfumo wa televisheni, nitaueleza hatua ya 3) isiyobanwa ni takriban MB 21 kwa sekunde, yaani kama GB 75 kwa saa. Kwa kodeki (njia ya kubana video) ya HuffYUV, isiyopoteza chochote, tenga GB 30 hadi 40 kwa saa.

Orodha inatisha, najua. Kama huwezi kuipata yote, usipunguze hatua, azima vifaa. Watu wanne wenye kanda wakichangia deki moja nzuri, wote wanafika.

## Hatua ya 1: Isome kanda kwa macho

Piga picha pande zote za kaseti, jalada na kila mwandiko, hata namba ya simu ya zamani. Mwandiko wa aliyerekodi ni ushahidi, na stika zikikauka hubanduka.

Kisha tazama mgongoni mwa kaseti, upande wa kushoto. Pana kipande kidogo cha plastiki. Kama bado kipo, kivunje sasa hivi. Kikiondoka, deki haiwezi kurekodi juu ya kanda hata ukibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya. Nimeona sekunde 40 za onyesho zikifutwa na kidole kimoja cha haraka.

Soma namba ya kanda. E-180 ni kanda iliyouzwa kwenye nchi za PAL na hubeba saa tatu kwa mwendo wa kawaida. T-120 ni ya nchi za NTSC, kama Marekani, na hubeba saa mbili. Hii haithibitishi kilichorekodiwa ndani, maana watu walisafiri na kanda tupu, lakini inakupa pa kuanzia.

Jambo moja la kukutoa ndotoni mapema: VHS ilianza Japani mwaka 1976 na kufika madukani Uingereza 1978. Kanda yako ikiandikwa "Top of the Pops 1974" (kipindi cha muziki cha BBC), basi ndani mna marudio yaliyoonyeshwa baadaye, au mna nakala iliyotolewa kwenye mashine nyingine ya zamani zaidi, kwa mfano Philips N1500 ya 1972. Nakala ya namna hiyo ni dhahabu. Marudio kwa kawaida si kitu.

## Hatua ya 2: Tafuta ukungu na mivunjiko

Shika kaseti, bonyeza kitufe kidogo cha pembeni kinachofungua mlango wa mbele, uinue mlango taratibu. Usiguse utepe kwa kidole kitupu. Mafuta ya ngozi hubaki pale.

Kisha mulika tochi kwenye dirisha la juu. Utepe mzima ni mweusi au kahawia iliyoiva, wenye uso laini kama sahani ya santuri. Ukiona unga mweupe, nyuzi kama utando wa buibui au madoadoa ya kijivu kwenye ukingo wa utepe, huo ni ukungu.

Kwa sisi wa pwani, Tanga, Mombasa, Unguja, ukungu ndio kawaida na kanda safi ndiyo ajabu. Kanda yenye ukungu haichezwi. Unga wake hubandika kwenye hedi, hedi hukwaruza utepe, na kanda inayofuata huambukizwa.

Cha kufanya ukungu ukiwa mwepesi: vaa barakoa na glavu, tokeni nje wewe na kaseti. Futa kasha kwa spiriti. Weka kanda ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko, pamoja na vifuko vingi vya silika, vilevile vinavyokaa ndani ya maboksi ya viatu. Iache wiki mbili. Ukungu mbichi hupakaa. Ukikauka hugeuka unga unaofutika. Baada ya hapo fungua kasha (skrubu tano upande wa chini), futa ukingo wa utepe uliojizungusha kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi, uhamishie rili zote mbili kwenye kasha safi.

Piga picha kabla ya kutoa chochote. Njia ya utepe kupita kwenye vigurudumu inaonekana rahisi mpaka uisahau.

Usianike kanda juani. Usiipulizie mashine ya kukaushia nywele. Joto hunyoosha utepe, na utepe uliorefuka haurudi. Ukungu ukiwa mnene kiasi cha kugandisha mizunguko, acha. Hiyo ni kazi ya maabara.

Umefaulu hatua hii ukizungusha rili kwa kidole (ukiwa umebonyeza kifungio kilicho ndani ya tundu la katikati chini ya kaseti) na ikazunguka bila kukwama wala kutoa mlio wa kubanduka.

## Hatua ya 3: Jua mfumo kabla ya kulaumu kanda

Hapa watu wengi hutupa kanda nzima wakidhani imekufa.

Tanzania, Kenya, Uganda, Oman na Uingereza walirusha kwa PAL. Marekani walitumia NTSC. Ufaransa, Kongo, Rwanda na Burundi walikuwa SECAM. Kanda ya SECAM kwenye deki ya PAL pekee hutoa picha nyeusi na nyeupe. Kanda ya NTSC kwenye deki isiyoijua hupanda na kushuka kama lifti. Zote mbili ni nzima; mashine ndiyo si yake. Tafuta deki yenye maandishi ya mifumo mingi usoni mwake.

Kumbuka pia kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Kanda ya kipindi cha televisheni ya miaka ya 1980 iliyokutwa Dodoma ilirekodiwa kwingine: Nairobi, Unguja, Uarabuni au Ulaya. Uliza familia nani alikuwa wapi. Jibu hilo litakuokolea siku nzima ya kubahatisha.

## Hatua ya 4: Safisha deki, kisha ijaribu kwa kanda ya bure

Chomoa umeme. Fungua kifuniko cha juu. Silinda inayong'aa iliyolala kwa mshazari ndiyo yenye hedi, na kwenye PAL huzunguka mara 25 kwa sekunde.

Lowesha ngozi laini kwa spiriti, iguse silinda bila kukandamiza, kisha uzungushe silinda kwa mkono kwa kuishika juu. Ngozi itulie, silinda ndiyo izunguke. Usisugue juu na chini. Hedi ni vipande vidogo mno na huvunjika kwa kusuguliwa hivyo. Pamba ya masikio pia hapana, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye hedi.

Futa na gurudumu la mpira linalovuta utepe, na vigingi vyote unavyopitia. Subiri nusu saa spiriti ikauke.

Sasa cheza kanda ya majaribio dakika 20. Peleka mbele, rudisha nyuma, simamisha, toa. Kagua utepe wake chini ya taa. Ukiwa na mstari mpya wa mkwaruzo au ukingo uliokunjamana, deki hiyo isiione kanda yako kamwe. Picha ikitoka safi na utepe ukatoka kama ulivyoingia, endelea.

Fundi mmoja aliwahi kuniambia deki yake "haina neno". Nikamwamini, nikairuka hatua hii. Ndiyo ile mikunjo ya Brian May.

## Hatua ya 5: Unganisha mtiririko wote

Mpangilio ni huu: deki, S-Video hadi rekoda ya DVD, kutoka rekoda hadi kifaa cha kunasia, kisha kompyuta. Sauti ifuate njia hiyohiyo ili isiachane na picha.

Rekoda ya kazi gani? Utepe wa VHS hunyooka na kusinyaa kidogo kila mara, hivyo kila mstari wa picha hufika kwa kuchelewa au kuwahi. Televisheni za zamani zenye kioo cha nyuma kirefu zilivumilia. Kifaa cha USB hakivumilii: kikipotewa na mstari, hutupa picha nzima. Kila picha iliyotupwa ni milisekunde 40. Zikitupwa 25, mdomo wa Freddie Mercury uko mbele ya sauti yake kwa sekunde nzima, na hakuna kitufe cha kurekebisha hilo baadaye kwa sababu hujui zilitupwa wapi.

Kwenye kompyuta tumia VirtualDub, programu ya kunasia video, na uweke hivi:

- Ukubwa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde (NTSC ni 720 kwa 480, picha 29.97).
- Rangi YUY2, yaani 4:2:2.
- Kodeki HuffYUV au Lagarith. Usinase moja kwa moja kwa MP4.
- Sauti 48 kHz, biti 16, isiyobanwa.

Zima kila kitu kinachodai "kuboresha" picha, iwe kwenye deki, rekoda au programu. Kupunguza chenga, kukaza kingo, kunyanyua rangi, vyote zima. Hayo ni maamuzi yasiyorudi nyuma, na unayafanya kwenye ile mara moja ya pekee.

Nasa kwanza dakika kumi za kanda ya majaribio. Tazama kihesabu cha picha zilizopotea. Kikisoma sifuri, au moja mbili pale kanda inapoanza, uko tayari. Kikiendelea kupanda, tafuta tatizo sasa: badilisha tundu la USB, zima kinga ya virusi, usirekodi kwenye diski iliyojaa.

## Hatua ya 6: Cheza mara moja, unase kila kitu

Kanda ikae chumba kimoja na deki kwa saa 24 kwanza. Ikitoka kwenye kiyoyozi na kuingia kwenye joto la Dar, unyevu huganda juu ya utepe nao hunata kwenye silinda.

Peleka kanda mbele hadi mwisho, kisha irudishe mwanzo. Utepe uliokaa miaka 30 bila kuguswa una mizunguko iliyolegea hapa na kubana pale. Safari hii huupanga upya. Sikiliza. Mlio ukibadilika ghafla, simamisha.

Anza kunasa kabla ya kubonyeza cheza, na usikate mpaka utepe uishe wenyewe. Hata kama onyesho ni dakika sita na saa mbili zilizobaki ni chenga.

Kwa nini yote? Watu walirekodi juu ya rekodi, na vipande vya zamani hubaki mwishoni mwa kanda kama masalio ya wali chini ya sufuria. Mwaka 2019 kilitokea kipande cha The Beatles wakiwa Top of the Pops mwaka 1966: sekunde 11, bila sauti, kilichopigwa na familia moja ya Liverpool kwa kamera ya filamu ya milimita 8 iliyoelekezwa kwenye televisheni. Sekunde 11 tu, na wahifadhi wakashangilia. Sasa wewe unakata dakika tatu za matangazo ya sabuni kwa sababu "si bendi"?

Matangazo hayo yatakuja kukupa tarehe. Yaache.

Wakati kanda inacheza:

- Picha ikiwa na ukanda wa chenga unaopanda, zungusha traking (kirekebishi cha usomaji wa utepe kwenye deki) taratibu mpaka ushuke chini ya skrini. Ukisharidhika, usiiguse tena.
- Mstari mwembamba uliovurugika chini kabisa ya picha ni wa kawaida kwa VHS. Si ugonjwa.
- Sauti ina njia mbili. Hi-Fi huandikwa na silinda yenyewe na ndiyo nzuri. Ile ya ukingoni mwa utepe ni hafifu lakini ngumu kufa. Chagua Hi-Fi, ikikoroma au kukatika, badilisha.
- Kiwango cha sauti kisivuke −6 dB pale bendi inapopiga kwa nguvu zote. Mlio uliopasuka hautengenezeki.
- Picha ikizima ghafla na sauti ikabaki, hedi zimeziba. Simamisha, toa kanda, rudia hatua ya 4.
- Umeme ukikatika na UPS ikashindwa, usiivute kanda. Subiri urudi, bonyeza kitufe cha kutoa, mashine iufungue utepe yenyewe.

Ukimaliza, linganisha. Nenda kwenye wimbo wa mwisho na umtazame mpiga ngoma: fimbo na mlio vikigonga pamoja mwishoni kama vilivyogonga mwanzoni, umepata.

## Hatua ya 7: Funga faili la asili lisiguswe

Faili ulilopata ndilo kanda yako mpya. Libadilishe liwe FFV1 ndani ya Matroska, umbo ambalo maktaba za kumbukumbu zinalikubali na ambalo lina ukaguzi wake wa ndani. Amri hii ni ya ffmpeg, programu ya kugeuza video:

`ffmpeg -i kanda.avi -c:v ffv1 -level 3 -g 1 -slicecrc 1 -c:a pcm_s16le asili.mkv`

Hakuna kinachopotea hapa, kila nukta inabaki ilivyo. Kisha toa namba ya uthibitisho ya SHA-256 na uihifadhi kwenye faili la maandishi. Mwakani ukiitoa tena na ikawa tofauti, diski imeanza kuoza.

Nakala tatu: moja kwenye kompyuta, mbili kwenye diski za nje, na mojawapo ya hizo ikae nyumba nyingine. Pembeni weka picha za kaseti na maelezo mafupi: nani alirekodi, mji gani, deki gani imetumika kunasa, tarehe ya kunasa.

Na kanda yenyewe? Usiitupe. Sasa kuna njia ya kunasa ishara ghafi moja kwa moja kutoka kwenye hedi na kuifanya picha kwa programu, na matokeo yake hupita ya deki nyingi za kawaida. Kanda unayoiona imekwisha leo inaweza kusomwa vizuri zaidi kesho. Isimamishe wima kama kitabu, ikiwa imerudishwa mwanzo, mbali na spika.

## Hatua ya 8: Tengeneza nakala ya kutazama

Hapa ndipo huzaliwa zile video zenye meno ya chanuo kila mtu anaposogea. Sababu ni hii: picha moja ya PAL imeundwa na nusu mbili, mistari ya witiri na ya shufwa, zinazoitwa fildi. Zilipigwa kwa nyakati mbili tofauti, 50 kwa sekunde. Ukizibandika pamoja kwa nguvu, mkono wa mpiga gitaa unaonekana mahali pawili. Ukitupa nusu moja, unapoteza nusu ya mwendo, na onyesho la laivu linaanza kufanana na filamu iliyochoka.

Zigeuze fildi zote ziwe picha kamili 50:

`ffmpeg -i asili.mkv -vf "bwdif=mode=send_field,crop=704:576:8:0,scale=1440:1080,setsar=1" -c:v libx264 -crf 17 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 256k tazama.mp4`

Namba 1440 kwa 1080 ni kwa makusudi. Zinalinda umbo la 4:3 na zinaifanya mitandao ya video iipe picha yako nafasi ya kutosha. Usiinyooshe ijaze skrini pana. Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, hakuwahi kuwa na uso kama chapati. Ile yuv420p nayo usiiache, bila hiyo simu nyingi hazitafungua faili.

Kama watu wanaonekana kurukaruka mbele na nyuma, fildi zimepinduka; ongeza `:parity=bff` baada ya send_field na urudie.

Programu za akili bandia za "kukuza hadi 4K" ni juu yako, lakini mimi siziweki kwenye nakala ninayompa mtu. Zinabuni meno na macho ambayo hayakuwepo. Zikiguswa, ziguswe kwenye nakala ya tatu, yenye jina linalosema hivyo.

## Hatua ya 9: Jua ulichonacho

Wengi hutangaza "rekodi iliyopotea" usiku huohuo. Tulia kwanza.

Tuendelee na Queen, maana Freddie, mtoto wa Mji Mkongwe, ndiye anayejaza masanduku mengi ninayofunguliwa. Onyesho la Hammersmith Odeon la tarehe 24 Desemba 1975, lililorushwa na BBC, limeshatolewa rasmi. Live Aid ya tarehe 13 Julai 1985 pia. Wembley ya Julai 1986 pia. Kanda yako ya hayo ni kumbukumbu ya familia, na pengine ina mtangazaji au matangazo yasiyopatikana kwingine, lakini bendi yenyewe ipo tayari kwa ubora usioufikia.

Kipindi cha Top of the Pops cha tarehe 21 Februari 1974, ambapo Queen walionekana kwa mara ya kwanza na "Seven Seas of Rhye", ni habari nyingine. BBC enzi zile ilikuwa ikifuta kanda zake na kuzitumia tena, na sehemu kubwa ya vipindi hivyo vya tangu 1964 hadi katikati ya miaka ya 1970 haipo. Kitu cha zama hizo, hata kiwe na chenga vipi, kinastahili simu.

Ili kujua tarehe, tazama nembo ya kituo, saa ya kituo, matangazo, sauti ya anayetambulisha kipindi. Linganisha nguo, mpangilio wa jukwaa na gitaa na rekodi zinazojulikana.

Na je, ni laivu kweli? Wimbo ukififia taratibu mwishoni, hiyo ni santuri na wao wanaigiza. Bendi inayopiga kweli lazima imalize wimbo. Sikiliza pia makosa: neno lililobadilishwa, pumzi kwenye maikrofoni, gitaa lililorefushwa. Tazama kama magitaa yana waya. Vipindi vingi vya televisheni vya enzi hizo vilikuwa vya kuigiza, hivyo laivu halisi ina uzito zaidi.

## Hatua ya 10: Mtafute mwenye kuhusika

Kumiliki kanda si kumiliki kilichomo. Hakimiliki ya matangazo ni ya kituo, ya wimbo ni ya mtunzi na mchapishaji, ya onyesho ni ya wasanii. Ukiipandisha YouTube huenda mfumo wao ukaitambua ndani ya dakika chache, mapato yakaenda kwa wenyewe au video ikazuiwa. Usiiuze. Na usiipandishe yote kabla hujazungumza na mtu, kwa sababu kitu kikishasambaa kwa ubora duni, hamu ya kukirejesha vizuri hupungua.

Andika barua fupi kwa kituo kilichorusha. Kwa vipindi vya Uingereza, waandikie pia British Film Institute, wenye siku yao ya vipindi vilivyodhaniwa kufutwa, au Kaleidoscope, kikundi kinachotafuta vipindi vilivyopotea. Tuma picha za kaseti, sekunde 30 za nakala ya kutazama, na maelezo ya hatua ya 7. Faili la asili lisitumwe mpaka mkubaliane kwa maandishi, na kanda halisi isiende kwa posta ya kawaida hata kidogo.

Usidhani wanayo tayari. Tarehe 4 Januari 1973 BBC ilionyesha David Bowie akiimba "The Jean Genie", kisha kanda yao ikafutwa. Mpiga picha John Henshall, aliyekuwa studio wakati wa kurekodi, alikuwa amejiombea nakala kwa sababu alitaka kuonyesha kazi ya lenzi yake. Alikaa nayo miaka 38 bila kujua kwamba ndiyo nakala pekee, mpaka ikaonekana tena hadharani Desemba 2011. Hakuificha. Hakuna aliyemuuliza.

Majibu huchelewa, wiki sita si ajabu. Yakija na shukrani tupu, huenda hawajafungua kitu. Yakija na swali kuhusu nani alirekodi, deki gani, na kama kanda bado unayo, jua wameketi wameitazama.